Nyumba Isiyotaka Upepo

Mwalimu hakupenda watu wanaopumua kwa nguvu. Ukiingia sebuleni kwake ukiwa umetembea haraka kutoka stendi, aliinua kidole kabla hujasalimia, akakuonyesha mahali pa kukaa, na hapo ulikaa mpaka kifua kitulie. Afisa mmoja wa kilimo, mtu mzito mwenye suti, alihamishiwa koridoni kabisa. "Wewe kaa huko, bwana. Unanipeperushia kazi," Mwalimu alimwambia. Afisa huyo alikuja na gari la serikali na dereva wake, na hapa Kitale watu wa aina hiyo huwa hawaambiwi wakae wapi. Alingoja koridoni kando ya ndoo ya kupigia deki, akijitahidi kupumua kama mtu mwembamba.

Kazi yenyewe ilikuwa kusawazisha propela za droni. Mimi hupiga picha za harusi na matanga, Kitale na Bungoma yote mpaka mpakani Lwakhakha, na siku hizi hakuna anayeoa wala kuzikwa bila droni juu ya tenti. Shida ni miti. Propela ikigusa tawi, hata isipovunjika, bawa moja hubaki zito kuliko jingine kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Droni itapaa, ndiyo, lakini itatetemeka, na picha itatetemeka nayo, bibi harusi anaonekana kama yuko chini ya maji. Ukizidi kuirusha hivyo, mota zinakufa. Wenzangu wengi walitupa propela wakanunua mpya. Mwalimu alisema hata hizo mpya hutoka kiwandani zimelewa, na mara nyingi alikuwa anasema kweli.

Alinifundisha fizikia zamani katika shule ya wasichana, na sitadanganya kwamba tulimpenda. Alikuwa na koti moja la kahawia, chaki mfukoni, na tabia ya kurudisha daftari kwa kulirusha. Nilipokutana naye tena alikuwa amestaafu na mimi nilikuwa mama wa watoto, lakini bado aliniita "wewe msichana." Alipoona hilo linaniudhi akaanza kuniita "Kamera." Nilikubali Kamera.

Chombo chake alikitengeneza mwenyewe. Alitoa sumaku mbili kwenye spika za redio zilizokufa, akazisimamisha juu ya ubao zikitazamana, na katikati yake akaweka kiwaya cha chuma chembamba, kilichonyooka sana, kilichogusa sumaku upande mmoja tu na upande wa pili kikaelea. Propela aliipachika katikati ya kiwaya hicho. Kisha sote tulinyamaza. Bawa zito lilianza kushuka, polepole, kwa aibu, mpaka likaelekea sakafuni. "Huyo ndiye," Mwalimu alinong'ona, kwa sauti ile ile aliyotumia kumtambua msichana aliyeficha barua ndani ya kitabu. Alilikwangua kwa msasa uliolowa maji, kidogo tu, upande wa tumboni na kamwe si kwenye makali, akalipangusa, akairudisha propela mahali pake. Tukanyamaza tena.

Vijana wa mjini wana njia yao, kubandika kipande cha selotepu kwenye bawa jepesi. Njia hiyo inafanya kazi, na yeye alijua inafanya kazi, lakini ukimtajia selotepu alinuna mpaka chai ikapoa. Alisema huko ni kufunika, si kutengeneza. Na propela ikishalala sawa kama meza, wewe umeshika begi ukidhani mmemaliza, aliigeuza wima, bawa moja juu na jingine chini, aone kama kitovu chenyewe hakivuti upande. Wengi hawaifanyi hatua hii. "Ikilala vizuri umefanya nusu," alikuwa akisema. "Isimamishe tuone." Kitovu kikivuta, alidondosha tone la rangi ya kucha upande ulio mwepesi. Ilikuwa rangi nyekundu ya mkewe. Kwa miaka kadhaa droni nyingi za Trans Nzoia ziliruka zikiwa na kitone chekundu katikati ya propela, na wenye droni waliamini ni nembo ya biashara.

Upepo ni adui wa kazi hiyo, hata ule mdogo wa mtu kupita na sinia. Kwa hiyo madirisha ya Mwalimu yalifungwa, mapazia yakashushwa, na kitambaa kikuukuu kikasukumwa chini ya mlango. Geti lilikuwa na kufuli mchana kutwa. Wakati wa kiangazi nyumba ile ilichemka. Ilinuka gundi, dawa ya kuchua na ndizi zilizoiva kupita kiasi, na mimi nilitoka humo nikitamani kuvua sweta na ngozi pamoja.

"Mwalimu, si ufungue kidogo tu?"

"Naogopa upepo."

Kila mtu alijibiwa hivyo. Mchungaji alijibiwa hivyo kupitia geti, akaenda zake na Biblia yake kwapani. Majirani walijibiwa hivyo, hata mtu wa kusoma mita ya stima. Mtaani wakasema ni uzee, ati amepatwa na wazimu wa droni, na yeye akawaacha waseme.

Alikuwa mtu wa kinyume, na nadhani ndiyo sababu nilizidi kumwendea hata pale ambapo ningeweza kununua propela mpya nikaendelea na maisha yangu. Darasani alitufundisha kwamba mtu asiyesafiri huweza kuambiwa uongo wowote akauamini. Alitupakia kwenye basi la shule kwenda kuona bwawa la Turkwel, tukatapika kwenye kona zote za ule mlima, na alipotufikisha alisimama kwenye ukingo amefumba macho, maana aliogopa urefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Hata balbu ya sebuleni alimwita jirani aje apande kiti. Siku moja nilimbembeleza atoke uani aone droni yangu ikipaa na propela zake. Ilipofika usawa wa paa alishika tangi la maji kwa mikono miwili akasema, "Shusha. Shusha, nimeona."

Nikimwonyesha video, hakutazama kilichopigwa. Nilimwekea harusi nzuri ya Kimilili, maharusi wakicheza katikati ya mahindi yaliyochanua, kazi ambayo mimi mwenyewe niliionea fahari. Aliiangalia mpaka mwisho, pua karibu na simu. "Hapo, kwa ukingo wa tenti," alisema. "Inatetemeka kidogo." Nikamwuliza bibi harusi je? "Bibi harusi gani?" Sifa yake kubwa kuliko zote ilikuwa "si mbaya," na watu walitoka mbali kuja kuambiwa hivyo.

Alisahihisha Kiingereza cha matangazo ya kanisa ambako hakuwa akienda. Aliwafukuza wasichana wa kazi, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja kosa lake lilikuwa kuzungumza na jirani. Wakati wa kukwangua aliimba nyimbo za dini, sauti ya tatu, na hakuna hata mmoja aliouimba sawa.

Sasa nimfikie mkewe, kwa sababu bila yeye nitakuwa nimechora koti tu.

Mama huyo aliuza vitenge sokoni Kitale miaka mingi, akijulikana kwa kicheko chake na kwa kucha zake. Kisha akaacha kuonekana. Mwalimu aliwaambia watu kwamba amekwenda kwa dada yake upande wa Lugulu, kisha kwamba amerudi ila amechoka, kisha akaacha kueleza. Mimi nilimwona kwa bahati. Nilikuwa nimebana pumzi pamoja na Mwalimu, propela ikitafuta mahali pa kutulia, mlango wa chumbani ukafunguka, naye akatoka amevaa kitenge kinyumenyume. Aliketi kando yangu. Akaitazama propela ikishuka, akatulia kabisa, kwa namna ambayo Mwalimu hakuwahi kuipata kwa mteja yeyote. Kisha akanigeukia na kuniuliza kwa upole, "Wewe ndiye utanipeleka nyumbani?"

Mwalimu hakuinua macho. "Yuko nyumbani," aliniambia mimi, si yeye. "Akili yake ndiyo imeanza kutoka."

Hapo ndipo nilipoelewa madirisha. Mama alikuwa ametoka kupitia dirisha moja, akapatikana kwenye barabara ya Kapenguria bila viatu, akiuliza njia ya kwenda kwa marehemu mama yake. Mwalimu alirudi naye, akachukua misumari. Propela zilikuja baadaye. Alikuwa ameona mahali kwamba kazi hiyo inataka nyumba iliyofungwa, na nyumba yake ilikuwa imefungwa tayari.

Na kwa nini asiseme? Wagonjwa wa namna hiyo wapo kila kijiji. Aliniambia siku hiyo hiyo, akiwa ameshika kipande cha msasa. Mwanzoni kabisa mwa ugonjwa, mama alipokuwa bado anajua kinachomjia, alimshika mkono akamwambia: watu wa kwetu wasinione nikiwa hivyo. Wasije kusema nimerogwa, wasije kunicheka kwa mlango. Mwalimu akaahidi. Watoto wao wako mbali, wanapiga simu, na wao pia waliambiwa mama amelala.

Nilikasirika. Nilimwambia ahadi gani hiyo inayomfunga mtu na mgonjwa ndani ya chumba kimoja kama kuku kwenye tenga. "Ni yangu," alijibu. "Sijakuomba uibebe." Aliniapisha nisimwambie mtu, nikaapa.

Mtu mmoja tu wa kwao ndiye aliyekuwa akimpigia simu kila wiki, rafiki yake wa Sirisia. Huyo alikuwa bakoki wake. Kwa Wabukusu, wanaume waliotahiriwa msimu mmoja ni bakoki mpaka kufa, na hao wawili walipelekwa mtoni asubuhi moja wakapakwa tope moja. Bakoki ana ruhusa ambazo ndugu hana. Anaweza kukutania mbele ya watoto wako, kukuita mwoga kwenye sherehe yako mwenyewe, kumwita mke wako "mke wangu" na wote mkacheka. Na ukifa, yeye husimama akakutania kwa mara ya mwisho. Bakoki asiyekuja kukuzika amekutupa, hakuna maneno mengine.

Rafiki wa Sirisia akafa.

Familia yake waliniita mimi nipige picha za mazishi. Nilipompelekea Mwalimu propela zangu alizishughulikia mchana kutwa, zote, hata zile ambazo hazikuwa na neno. Alizisimamisha wima, akazilaza, akazisimamisha tena. Mama alikuwa na siku mbaya, anatembea kutoka mlango hadi mlango akijaribu vitasa.

"Mwalimu, nenda. Nitatafuta mtu wa kukaa naye."

"Mtu gani? Amwone mtu mgeni apige nduru, majirani waje?" Alifunga propela zangu kwenye kitambaa. "Utarusha moja kwa moja kwa mtandao, picha na sauti, si ndiyo? Nitaona kwa simu."

Hivyo mtu aliyeogopa urefu akaenda kumzika rafiki yake kutoka juu. Niliirusha droni juu ya boma lile la Sirisia polepole kadiri nilivyoweza, juu ya tenti, juu ya migomba, juu ya jeneza, na nilijua anatazama. Picha ilitulia kabisa.

Zamu ya bakoki ilipofika, mwongoza shughuli alimwita Mwalimu kwa kipaza sauti. Hakuna aliyesimama. Akamwita tena. Watu wakaanza kugeuza shingo. Ndipo akainuka mzee mmoja wa Lwakhakha, upande wa pili wa mpaka, mfanyabiashara wa maharagwe, bakoki wao pia, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Msimwite bure," alisema. "Huyo amesoma sana, bana. Amesoma mpaka amesahau wale walikatwa na yeye. Kitale ni mbali? Si ni hapo tu! Sisi tumevuka mpaka tukakuja. Kuanzia leo mimi sina bakoki Kitale."

Watu waliguna kwa kukubali. Nilikuwa nimeapa, kwa hiyo nilisimama pale na rimoti yangu kama mtu asiyejua lugha. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Kamera," Mwalimu alisema. "Niweke kwa maikrofoni."

Niliishusha droni, nikaenda mbele, nikaiweka simu kwenye kipaza sauti. Sauti yake ikatoka kwenye maspika makubwa, ile ile ya darasani.

"Mwacheni huyo alale," alisema. "Hata siku ya kisu alikuwa mvivu. Sisi tulishaingia mtoni, yeye bado anauliza kama maji ni baridi. Naona na leo amengojea mpaka abebwe." Wazee wakacheka. Mjane akacheka na machozi yake. "Bakoki wangu," Mwalimu aliendelea, na sauti ikaanza kupoteza udarasa, "nilitaka kuja nikuambie..."

Na hapo ikaingia sauti nyingine, ya mwanamke, karibu sana na simu.

"Baba, nani amenifungia hapa? Nifungulie. Mimi nataka kwenda kwetu, mume wangu atanitafuta."

Boma zima lilisikia, na nadhani hata walio barabarani. Mwalimu alisema taratibu, bila kujificha, maana alikuwa amesahau kwamba tupo, "Kaa kwanza, mama. Utaanguka. Nakuja."

"Sikujui wewe," ilisema ile sauti. Simu ikakatika.

Mjane alivua kitambaa kichwani akafunika uso. Yule mzee wa Lwakhakha alikuwa bado amesimama. Akatafuta kiti kwa mkono, bila kutazama, akakaa.

Baada ya siku hiyo Mwalimu hakutaka kuniona. Propela zangu zilipokelewa na kurudishwa kupitia tundu la geti, zimesawazishwa kama kawaida. Nilimwomba msamaha kupitia tundu hilo, nikamwambia ningeiondoa simu haraka kama ningejua. "Si wewe," alisema, jicho lake likiwa tunduni. "Nilimwahidi, halafu nikamtangaza kwa spika." Ukimjua alivyopenda kulaumu wengine, utajua alivyokuwa ameumia.

Aliyejitokeza alikuwa mzee wa Lwakhakha. Alinipigia simu mwenyewe, akizungukazunguka, akiuliza habari za mvua, mpaka nikamwambia, mzee, sema. Akasema anataka kufika kwa bakoki wake, lakini ameona si adabu mwanamume kuingia kwa mama mgonjwa peke yake. Nikamchukua mama yangu kutoka Kiminini, tukaenda wote watatu. Getini nilidanganya kwamba nimeleta propela.

Mwalimu alipofungua na kumwona mzee, alitaka kufunga tena. Mzee aliweka kiatu kwenye mwanya. Hawakusalimiana. Walitazamana tu, wazee wawili, mpaka mzee akasema, "Bakoki, nilikutukana mbele ya watu. Sasa nitukane hapa."

"Ingia," alisema Mwalimu. "Nzi wanaingia."

Mke wa Mwalimu alikuwa sebuleni, mikono mapajani. Mzee hakujua amwanzie wapi. Nilimwona akitafuta maneno, na kwa kuwa hakuwahi kumsalimia kwa namna nyingine maishani mwake, utani wa bakoki ukamtoka wenyewe. "Mke wangu, hujambo? Mimi nimefika."

Mama aliinua uso, na uso wote ukafunguka. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. "Umekawia wapi?" alimwambia. "Mimi nimekaa na huyu mzee siku hizi zote, sijui hata ni wa wapi. Si mbaya, lakini. Ananipatia chakula."

Mzee alimgeukia Mwalimu, midomo wazi. Mama yangu alitazama sakafu. Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya sebule yake, mikono chini.

"Mjibu," alisema.

"Bakoki, hapana. Huo ni utani wetu tu."

"Najua ni utani. Nimekwambia mjibu. Mwambie umerudi."

Mzee alimgeukia mama. "Nimerudi, mama."

Mama akacheka, akapiga kochi kwa kiganja kumwonyesha pa kukaa, na mzee akakaa, na mama akamshika mkono. Hakutazama mlango tena. Mwalimu alimwangalia kwa muda. Halafu akaingia chumbani, akatoka na viatu vya kamba na lile koti la kahawia.

"Kamera, gari iko na mafuta?"

Alituchelewesha kwa maagizo, kama anayeacha mtihani. Ndizi ipondwe. Chai isiwe moto. Akiulizia mama yake, mwambie yuko shambani, usimwambie alikufa, atalia upya. Mama yangu aliitikia kila moja. Mzee hakuitikia kitu, alikuwa ameshikwa mkono na anaogopa kuusogeza.

Njiani Mwalimu alishika mpini wa mlango kwa nguvu mpaka Kamukuywa. Kisha akaanza kusoma vibao vya maduka kwa sauti na kuvisahihisha. Kimilili alisahihisha, Chwele alisahihisha, na kufika Sirisia alikuwa amechangamka kama mtu wa harusi. Kaburini udongo ulikuwa umezama na msalaba umelalia upande mmoja. Aliunyoosha, akarudi nyuma akautazama, akaunyoosha tena. Alimwambia marehemu maneno kwa Kibukusu, nami nikasogea mbali ili nisiyasikie. Mjane alimpa chai, akanywa. Akaongezwa, akanywa. Jua lilianza kushuka, nikamwambia Mwalimu twende, akasema amalizie kikombe, na kikombe hicho kilikuwa tupu.

Tulikuwa tumeipita Kamukuywa kurudi aliposema, akitazama mbele, "Unajua huwa naomba afe?"

Niliendelea kuendesha.

"Naomba, halafu nakwenda kumwogesha. Leo nimekaa pale kwa mjane nikamwonea wivu. Huyo anajua mtu wake yuko wapi. Na nikaona, Kamera, kwamba sitaki kurudi. Ungeniambia tulale Sirisia, ningelala."

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui la kusema.

"Hakuna swali hapo," alisema. "Endesha tu."

Jua lilikuwa bado liko juu ya Mlima Elgon tulipofika. Mama yangu alitufungulia. Ndani, mama wa watu alikuwa amekaa vile vile kwenye kochi, ametulia, amechanwa nywele, mkono wake ndani ya mkono wa mzee wa Lwakhakha. Alimwona Mwalimu kwanza yeye, akamgusa mzee begani.

"Baba, kuna mgeni mlangoni."

Mzee aliinuka haraka, amejaa aibu, atoe nafasi. Mwalimu alimwashiria kwa kiganja akae. Alibaki nje ya kizingiti cha nyumba yake, akafunga kifungo cha koti, akagonga mlango uliokuwa wazi.

"Hodi," alisema.

Mama alijitengeneza kitenge. "Karibu. Umetoka mbali?"

"Sirisia."

"Oh, ni mbali. Basi vua viatu, baba. Hapa tumepiga deki."

"Asante, mama," alisema Mwalimu, akainama kufungua kamba.